Siku Niliyosuuza Fuwele za Dada

Hii habari nikiisimulia, mjinga ni mimi. Nimejaribu kuigeuza kila upande nitoke mwerevu, imekataa.

Jengo lenyewe zamani lilikuwa kituo cha kununulia samaki, na mie ndiye nilikuwa mtu wa barafu. Kituo kikafungwa. Wakaja watu wa chuo, wakapaka rangi nyeupe, wakaita maabara. Walichokitaka hasa ni kile chumba cha baridi, maana vitu vyao vinataka ubaridi usiopanda wala kushuka. Mie wakanirithi pamoja na jenereta.

Walipokuja kufanya warsha, siku ya kwanza tu nikapata sifa. Bawaba za mlango zimeganda kwa chumvi, na profesa wao, mzee mpole mwenye mvi, anasukuma kwa bega.

"Shikamoo profesa. Hebu sogea kidogo."

"Marahaba. Utauweza?"

Nikamwagia maji ya mvua, nikafuta, nikapaka mafuta ya nazi, mlango ukafunga bila kelele. Hapa Mafia chumvi inakula kila kitu: redio, baiskeli, mpaka miwani ya babu yangu. Dawa ni hiyo hiyo, suuza kwa maji ya mvua, futa kwa kitambaa laini. Mama alinifundisha kabla sijajua kusoma. Profesa akaniita fundi. Basi, kichwa kikavimba.

Kati ya waliokuja kujifunza kulikuwa na dada mmoja kutoka Dar. Yeye kazi yake ilikuwa sifongo, yule wa baharini, aliyemtoa Ghuba ya Chole. Ndani yake kuna protini inayoua vijidudu, na dada alikuwa anaihangaikia mwaka wa pili sasa. Nikamuuliza anaitafutia nini.

"Umbo lake," akasema. "Protini ni kama kitasa. Kitasa chenyewe hujakiona, ufunguo utauchonga vipi?"

"Si uchungulie kwenye hiyo hadubini?"

"Ndogo mno, kaka. Inabidi kwanza igande iwe vichembe, tunaviita fuwele. Halafu fuwele inapigwa eksirei kwenye mashine kubwa huko Ulaya."

Warsha ikiisha, profesa angesafiri na fuwele kwenda kwenye hiyo mashine. Zamu yao ilikuwa imeshapangwa. Nyingine itapatikana lini, hakuna aliyejua. Na dada fuwele zake zote zilikuwa kwenye sahani moja tu, ya plastiki, yenye vikombe vidogo safu nne, sita sita. Kila kikombe kina kifuniko cha kioo chembamba, na chini ya kifuniko kinaning'inia kitone cha maji.

Asubuhi moja wenzake wamekwenda kuzamia, yeye yuko kwenye chai. Nikaingia kupiga deki. Sahani iko chini ya hadubini, taa inawaka. Nikachungulia. Mie nimeambiwa nisiguse mashine, kuchungulia sikukatazwa.

Ndani ya vitone mna punje zinang'aa, zina pembe pembe. Nikasema astaghfirullah, chumvi imemwingilia dada wa watu! Punje kama zile nimeziona maisha yangu yote, kwenye kamba, kwenye kopo, kwenye nyusi zangu mwenyewe.

Nikaleta maji ya mvua na kitambaa. Kifuniko cha kwanza nikakibandua, nikasuuza, nikafuta, nikarudisha. Cha pili. Cha tatu. Nafanya huku naimba. Niko na cha sita mkononi, dada akaingia.

"Unafanya nini?"

"Nakusaidia, dada. Chumvi iliingia. Hivi vitano vimeshatakata."

Hakupiga kelele. Angepiga ningeshukuru. Alininyang'anya kile cha sita, akakirudisha kwenye kikombe chake, akainamia hadubini. Akakaa hapo muda mrefu.

"Zimebaki mbili," akasema. "Hii niliyokunyang'anya, na moja safu ya pili. Ndogo, bado."

"Hazikui?"

"Zinaweza. Zisipotikiswa, na joto lisipande. Tuna siku nne."

Profesa aliporudi, dada akamwambia tu, "Safu ya kwanza imeharibika." Jina langu hakulitaja. Nikaona hapana.

"Shikamoo profesa. Ni mie. Nilizisuuza."

Akanitazama. "Kwa maji gani?"

"Ya mvua."

"Ya mvua," akarudia, akavua miwani akaifuta, akaivaa tena. "Haya."

Siku hiyo hiyo nikaitoa jenereta nyuma ya ukuta, nikaipeleka mbali kadiri waya ulivyofika, nikaikalisha juu ya matairi na nyavu kuukuu. Ukiweka kikombe cha chai juu ya meza mle ndani, chai hainesi. Ikabaki shida moja. Nyumba yetu imepakana na jengo, na mama anatwanga.

"Mama, naomba uhamishe kinu."

"Kinu changu kimekukosea nini?"

"Kuna vitu vimelala humo ndani."

"Vitu gani?"

"Vya sifongo."

Akaniangalia kama mtu anayetafuta homa. "Wageni wamekuharibu wewe." Lakini alikihamisha, siku nne akatwangia kwa jirani, na jirani naye akaambiwa habari yote.

Siku ya mwisho profesa alizivua zote mbili. Kuvua hasa, kwa kitanzi kidogo kuliko kope, na mie nimesimama mlangoni. Akazitumbukiza kwenye kopo linalotoa moshi wa baridi, baridi ambayo barafu yangu yote haijawahi kuifikia. Wakaondoka na ndege.

Wiki zikapita. Dada akapiga simu, mie niko juu ya paa nasafisha mfereji wa maji ya mvua.

"Ile ya safu ya pili imetoa picha. Umbo limeanza kuonekana."

"Alhamdulillahi! Na ile nyingine?"

Nikasikia anajizuia kucheka.

"Ile niliyokunyang'anya mkononi ilikuwa chumvi. Chumvi tupu. Kwa hiyo moja ulipatia, moja tu, na usithubutu kumwambia mama yako."