Ijumaa za Povu

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Kiwanda aliniuliza kama naogopa moto. Nikamjibu kwamba mimi nimesomea maji. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akanipeleka mwenyewe kwenye nyumba ya boila, akanisimamisha mbele ya lile dude la chuma linalomeza magogo ya mkaratusi. "Basi haya ndiyo maji yako, mama," akasema. "Yakikosea, chai yote imekosea."

Nyinyi mnaofanya kazi ya maabara leo mnatumbukiza kifaa na kusoma tarakimu kwenye skrini. Siwaonei wivu, lakini hebu nisikilizeni. Kiwanda chetu kilikuwa cha chai, kwenye mlima juu ya Ikonge. Majani ya chai hukaushwa kwa hewa iliyopashwa joto na mvuke, na mvuke hutoka kwenye boila. Boila nayo ina maringo. Haitaki maji yenye chumvi wala mafuta, na zaidi ya yote haitaki sabuni. Kile kiini cha sabuni, ambacho wakemia hukiita sufaktanti, ndicho kinacholegeza maji yakashika uchafu wa nguo. Kwenye beseni ni rafiki. Ndani ya boila huyafanya maji yafure povu kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Povu likipanda, mvuke unabeba matone ya maji hadi kwenye kikaushio, joto linashuka, na chai inatoka nusu mbichi. Kazi yangu ilikuwa kuyapima maji yale kila asubuhi kabla hayajaingia.

Boila ililindwa na Onchari, mtu wa makamo, mzee wa kanisa la Wasabato. Alianza kazi pale akiwa kijana, na watoto wake wote walisomeshwa na ule moto. Hakuwa na maneno mengi. Nilipomsalimu asubuhi kwa Kigusii, "Bwakire, tata," yaani umeamkaje, baba, aliitikia kwa kichwa tu.

Kiangazi changu cha kwanza, chai ikaanza kuharibika kila Ijumaa. Siku nyingine hakuna tatizo. Ijumaa alasiri tu, kioo cha boila, lile bomba linaloonyesha kimo cha maji, kinaanza kuruka juu na chini, na kikaushio kinapoa. Mhandisi Mkuu alikuwa amehamishiwa kwetu kutoka mbali. Alikuwa hodari wa mashine na mwepesi wa hasira. Kwake jambo lilikuwa wazi: Sabato huingia jua la Ijumaa linapozama, na Onchari ni Msabato.

"Unaijaza boila maji kupita kiasi ili uwahi kwenda kuabudu," alimwambia mbele yetu sote.

Onchari alivua kofia yake. "Mhandisi, sijawahi kumwibia Mungu saa yake, wala kiwanda."

"Ijumaa ijayo chai ikiharibika, utaenda nyumbani moja kwa moja."

Mimi pia ni Msabato, na maneno yale yalinichoma. Lakini kilichoniuma zaidi ni kuona mtu mzima akipukutisha majivu mikononi bila kujua ajitetee kwa lipi. Nilimfuata Mhandisi ofisini kwake nikamwambia kwamba lile ni povu, si maji mengi, na kwamba ningemthibitishia.

"Na ukishindwa?"

"Utuondoe wote wawili."

"Haya, binti. Umejifunga kitanzi mwenyewe."

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Unachukua maji kwenye chupa, unatia rangi ya buluu, kisha unamimina klorofomu, ambayo ni nzito na hukaa chini. Unatikisa, unangoja yatulie. Rangi ile haipendi kushuka peke yake, ila ikikutana na sabuni hushikana nayo, zikazama pamoja. Kwa hiyo klorofomu ikigeuka buluu, maji yana sabuni, na kadiri buluu inavyokoza ndivyo sabuni ilivyo nyingi. Jumatatu nilipima, klorofomu ikabaki bila rangi. Jumanne vilevile. Alhamisi nikaanza kukosa usingizi na hamu ya chakula, maana maji yalikuwa safi kabisa na mimi nilikuwa nimekwisha kujitia mdomoni mwa simba.

Jioni hiyo mama aliniambia jambo dogo tu tukiwa jikoni. "Kesho ukitoka kazini upitie mtoni unisaidie kukamua mablanketi. Kisima kimekauka, sote tunafulia kule darajani."

Nilisimama na mwiko mkononi. Darajani palikuwa upande wa juu wa mto, kabla ya mdomo wa bomba lililovuta maji ya kiwanda. Na Ijumaa ndiyo siku ya maandalizi: kila nyumba inafua, inapika na kupiga viatu rangi, kusudi Sabato ikute kila kitu tayari. Mvua ikiwepo kila mtu hufulia kwake. Kiangazi, kijito kimebaki uzi, mlima mzima unateremka na sabuni ya unga pale pale. Sisi Wasabato hatukuliona kwa sababu lilikuwa maisha yetu. Mhandisi hakuliona kwa sababu halikuwa lake.

Asubuhi ya Ijumaa nilimwomba Mhandisi tujaze tangi la akiba mapema, wakati maji bado ni safi. Alinung'unika, lakini akakubali. Mchana nikachukua maji kwenye bomba mbele ya macho yake, nikatia rangi, nikatikisa. Klorofomu ikashuka buluu iliyokoza kama sweta ya shule.

Akaiinua chupa kwenye mwanga. "Hii ni nini?"

"Ni nguo za Sabato, Mhandisi."

Tukafunga vali ya mtoni, Onchari akailisha boila kutoka kwenye tangi. Alasiri ikafika. Kioo kikatulia tuli. Chai ikatoka nyeusi, kavu, inanukia mpaka uwanjani. Wee, siku hiyo nilitembea kiwandani kifua mbele kama jogoo! Mhandisi alichukua chai kiganjani, akaisugua, akainusa, halafu akaenda hadi kwa Onchari.

"Mzee, nilikukosea. Nenda ukaabudu."

Baada ya hapo nilishuka mtoni kuzungumza na akina mama. Kiongozi wa kwaya alinipokea mikono kiunoni. "Kwa hiyo mnataka tuingie kanisani na nguo chafu?"

"Hapana, mama. Fueni mpaka mchoke, ila chini ya bomba letu."

Meneja akajenga sakafu ya kufulia huko chini, akavuta mfereji, na maji machafu tukayapitisha kwenye kitalu cha matete ili wa chini yetu wasipelekewe povu. Walifua huko kwa raha, na mimi nikaendelea kupima kila Ijumaa.

Kutoka pale nilihamia kiwanda cha maziwa mjini Kisii, karibu na soko la Daraja Mbili, kulinda maji ya kusuuzia makopo. Msimamizi wa Ubora alipenda kusema, "Povu lisiloonekana ndilo linalonywewa." Mwisho nikaongoza maabara ya maji Nyamira mpaka nikastaafu. Nimepewa vyeti, na ninajivunia kila kimoja. Lakini kama mngeniuliza nilijifunza wapi kazi, ningewaambia ni mtoni. Kipimo kitakuonyesha sabuni, lakini hakitakuambia nani anafua na kwa nini. Hilo utalijua ukiwaendea watu.

Siku ya kuniaga, wakubwa walihutubia sana. Kisha mzee mmoja akainuka nyuma akiegemea fimbo. Ni Onchari. Hakualikwa, alisikia tu akaja.

"Mimi nilitoka kiwandani kwa kutimiza umri wangu, si kwa kufukuzwa," alisema. "Funguo za boila nilizikabidhi kwa mkono wangu mwenyewe, siku ya Ijumaa, na hakuna mtu aliyeniuliza nakimbilia wapi."