Tarakimu ya Nne

Fundi wa kukereza vyuma pale Kasongo hupangusa mikromita yake ya inchi kwenye shati kabla ya kupima chochote. Latifa alimletea shafti ya mashine yake ya kusagia mihogo, akamtazama akikaza kipimo polepole, akinong'ona saba, nne, nane, na kuandika kwa chaki. Tarakimu ya nne, iliyo kwenye vistari vyembamba ambavyo macho ya fundi hayavioni tena, aliiachia nafasi.

“Papa, miye naona. Iko sita.”

“Acha, mama. Hiyo anasoma bibi yangu.”

“Si iko ku machimbo ya Salamabila tangu mwaka jana? Dhahabu imemupendeza kuliko weye!”

Fundi alicheka kidogo. Kisha akainua mikromita upande wake wa kushoto, pasipo na mtu, usawa wa macho ya mkewe mfupi, akaishikilia hapo.