Hori Lililooshwa kwa Sabuni

Bi Kiwiko, mke wa marehemu kaka yangu. Binti wa mwanamke ambaye mwaka wa unga wa kupimiwa aliikata mikate nusunusu mpaka mtu wa mwisho kwenye foleni akapata. Mjukuu wa mwanamke aliyehama kwao kwa miguu, siku mbili, na donge la unga uliochachuka kalifunga kifuani kwa kitambaa kibichi kama mtoto mchanga. Yeye mwenyewe alijifungua Jumanne, Ijumaa akawa mbele ya tanuri. Mkaguzi aliyezoea kula mkate wa bure, Bi Kiwiko alimtoa dukani kwa koleo la kuokea, mtaa mzima ukitazama. Jina la Kiwiko alilipata viganja vilipoanza kumuuma, akawa anakanda kwa viwiko.

Naandika nikiwa na hasira, na sioni kwa nini nisubiri zipoe. Uji ndio unaosubiriwa upoe.

Miaka arobaini duka la Bi Kiwiko lilikuwa la mkate tu. Alfajiri tanuri, asubuhi foleni, adhuhuri tunafagia tunafunga. Kisha mwanawe akaoa. Huyu tulimpachika jina la Meneja tangu darasa la pili, kwa jinsi alivyopenda kutuma wenzake. Akaja na wazo: jioni duka liwe mgahawa. Joto la tanuri linabaki, alisema, kwa nini lipotee bure? Meza nne, vitambaa, mishumaa, nyama inayoiva taratibu. Wazo halikuwa baya, nakiri. Bi Kiwiko alikubali kwa sharti moja, na alilisema mara tatu mbele yangu: hori lisiguswe.

Hori ni lile la mbao la kukandia, refu kama kitanda cha mtoto. Halioshwi. Linakwanguliwa kwa bati, linapakwa unga mkavu, linafunikwa. Pembeni mwake hulala donge la unga wa jana, ambalo sisi tunaliita mama. Kesho yake mama huchanganywa na unga mpya, unaumuka, na kabla ya kuoka unamegwa mama mwingine. Hivyo hivyo, siku hadi siku, tangu yule bibi aliyetembea kwa miguu. Hamira ya pakiti haijawahi kuingia mle.

Mgahawa ulishika. Wakaja watu wa viatu vya kung'aa, wakaletewa sahani kubwa kama ungo na chakula cha kuziba jino. Mkate wetu ukakatwa mwembamba hata ungeweza kusomea gazeti upande wa pili. Mkwe wetu alikuwa mchapakazi, aliwahi kufanya kazi hoteli kubwa, na kwa usafi hakuwa na mpinzani. Usafi huo ndio uliotumaliza.

Jioni moja mgeni mmoja alikunja pua, akauliza kitu gani kinanuka uchachu. Mkwe akafunua hori. Akaona donge la kijivu limetoa mapovu, akadhani ni unga uliosahauliwa ukaharibika. Akalitupa. Akasugua hori kwa sabuni na dawa ya madoa, akalimwagia maji ya moto, akalijaza barafu na chupa za soda, akaliweka katikati ya ukumbi. Wageni walilisifu. Meneja alikuwepo! Alikulia ndani ya duka lile, akilala juu ya magunia yake, na alisimama akafungua soda humohumo.

Asubuhi Bi Kiwiko alilikuta hori limerudishwa mahali pake, akalifunua, akaingiza mkono, akanusa vidole. Aliketi juu ya gunia. Nje foleni ilishafika kwa fundi saa, na mimi ndiye niliyetoka kuwaambia watu hakuna mkate. Fundi saa aliniuliza nani amefariki.

Meneja alipofika alimwambia mama yake asijisumbue, kabatini kuna hamira, kwa saa mbili mkate utakuwa tayari, na hakuna atakayejua tofauti.

"Mimi nitajua," alisema Bi Kiwiko. "Na wewe ukishindwa kujua, basi nilikulisha bure."

Mkwe alikuwa mlangoni na ufagio. Alisema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi sikuambiwa. Mwanao aliniambia tu hori ni la zamani, nisilivunje."

Hapo ndipo hasira zangu zilipogeuka njia. Meneja aliambiwa mara tatu, akampa mkewe neno nusu. Siku ile nilimwita jina ambalo shangazi hapaswi kumwita mtoto wa kaka yake, na silirudishi.

Lakini niseme yote. Muuguzi mstaafu wa nyumba ya pili aliomba kipande cha mama mara tatu, aoke kwake. Bi Kiwiko alimkatalia mara tatu. Donge halitoki nyumba hii, alisema, kwa majivuno, na mimi wifi yake nilimwambia roho mbaya haifugwi. Angempa, leo tungegonga mlango mmoja tu, tukamrudisha mama. Nilimkumbusha palepale. Alinitazama kwa jicho ambalo sijalisahau, kisha akasema ni kweli.

Akasimama. Meneja alidhani anataka funguo, kwamba mgahawa umekwisha, akaanza kujitetea. Hakumsikiliza. Alichukua bakuli la udongo, akatia konzi ya unga na maji vuguvugu, akakoroga kwa kidole, akampa mkwe.

"Mama mpya huyu, na utamlea wewe," alimwambia. "Asubuhi konzi moja, jioni konzi moja. Siku ya tatu atanuka vibaya, usimtupe. Akifa, anza tena. Mpaka aamke, tanuri haliwashwi, si kwa mkate, si kwa nyama."

Meneja akafungua kinywa kutaja wageni wa Jumamosi. Mkewe akamwambia anyamaze, asikie. Akauliza konzi ni ya mkono wa nani, wake au wa Mama.

"Wako," alisema Bi Kiwiko. "Vua pete kwanza."