Siku Nilipomkosoa Damari kwa Kusema "Langu"

Mwanangu, ipo siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na siikumbuki kwa furaha. Ilikuwa asubuhi, siku moja baada ya mvua ya kwanza kunyesha kijijini kwetu kule upande wa Mvumi, nami nimesimama mbele ya wanachama wenzangu kumi na saba, kijitabu mkononi.

Nakueleza haya kwa sababu juzi ulikuja na katiba ya kikundi mnachotaka kukianzisha hapo chuoni, ukanisomea kutoka kwenye simu yako. Ulipofika kifungu cha tatu nilikuomba maji ya kunywa. Sikuwa na kiu. Kifungu hicho, kwamba mwanachama asitamke "langu" bali aseme "letu", nilikiandika mimi kabla mama yako hajaolewa. Sijui mmekiokota wapi.

Mwanzilishi wa chama chetu cha kulima alikuwa Mzee Chibago, mkulima wa uwele kama wengine, ila mwenye kuwaza sana. Alisema ukame wa huku kwetu unamwonea mtu anayelima peke yake, kwa hiyo tulime pamoja, tuvune pamoja na tubebe shida pamoja. Tulimwamini. Tulikwenda mpaka Kibakwe kuhubiri mawazo yake. Huko walitupa uji, wakatusikiliza kwa adabu, kisha wakatucheka tulipogeuka. Hatukujali.

Mimi Lea nilikuwa katibu. Binti wa miaka ishirini na miwili, shule imenikaa kichwani, ulimi mkali. Mzee alikuwa akiongea tu, huku anachonga mpini. Mimi ndiye niliyeyageuza maongezi yake kuwa vifungu vya kile kijitabu. Mtu akiteleza akasema "jembe langu", namsimamisha arudie. Nilijiona mlinzi wa mawazo ya mzee, na mwanangu, nilikuwa natamba kweli.

Rafiki yangu mkubwa pale alikuwa Damari, mjane mwenye watoto wawili. Ndiye aliyenifundisha kupika mlenda ukaliwa. Shamba lake lilikuwa chini ya kilima, mchanga mtupu, ardhi inayokauka siku mbili tu baada ya mvua. Mashamba yetu wengine yalikuwa kwenye udongo mweusi, unaoshika maji wiki nzima. Kila mtu alilijua hilo.

Asubuhi hiyo tulipaswa kuamua tuanze kupanda kwa nani. Mzee alikuwa kitandani, kifua kinambana. Nikafungua kikao kwa kusoma kijitabu, na nikasoma kweli kweli. Jua likapanda. Damari akanyoosha mkono.

"Samahani, katibu. Shamba langu linakauka."

"Letu, Mama," nikamwambia. "Sema shamba letu."

Watu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Haya, letu," akasema, akakaa.

Nikaendelea na ajenda, tukapiga kura, tukapanga kuanzia mashamba ya karibu. La kwake tukalifikia siku ya nne. Tulipanda kwenye mchanga mkavu huku tukiimba, na mvua haikurudi kwa wiki tatu. Mavuno yake ya mwaka ule hayakujaza debe. Tulitaka kumgawia, na tulimgawia kidogo, lakini njaa ilikuwa imewagusa wote. Akawachukua watoto akaenda Mtera kwa kaka yake, kwenye kazi za samaki. Aliniaga vizuri, hakunilaumu hata kwa neno moja. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nikaenda kwa Mzee Chibago. Alikuwa nje, anaota jua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Damari yuko wapi?"

Nikamweleza yote, pamoja na lile la kumsahihisha.

"Lea," akasema, "nani alikuambia 'letu' ni neno la mwenye shida? Mwenye shida aseme langu, tujue panapomuuma. 'Letu' ulitakiwa useme wewe."

Nilikuwa nimeandika kijitabu kizima, na hilo halikuwamo.

Mzee alifariki. Chama kikapungua mtu mmoja mmoja, wengine wakahamia mjini, na leo sehemu ya mashamba yale ni viwanja, vimewekewa vigingi. Nayatamani yale maisha, mwanangu, sikufichi. Natamani kusikia tena majembe yetu yakishuka kwa pamoja, mtu akikosea wimbo kwa makusudi ili tucheke. Zaidi ya vyote namtamani Damari. Mwaka fulani nilipanda basi hadi Mtera, nikazunguka kwa akina mama wanaokausha samaki nikimtaja jina. Mmoja alidhani aliwahi kumwona, akasema alihamia mbele zaidi. Nikanunua samaki nisiowataka, nikarudi nyumbani. Mvua ya kwanza ikinyesha, mpaka leo, ninatoka nje kunusa udongo na ninalia. Wajukuu wanadhani ni macho ya uzee.

Basi, kianzisheni kikundi chenu. Magoti yangu yangekuwa mazima ningekuja kujiandikisha. Ila kifungu cha tatu mkifute. Msimfundishe mtu namna ya kulia. Mwacheni aseme shamba langu, ada yangu, mwanangu anaumwa, tena kwa lugha yake iliyopinda. Wewe unayesikia ndiye mwenye kazi ya kusema letu, kisha uende. Na katika vikao msisome sana. Angalieni nani amenyoosha mkono akaukunja.

Mungu akulinde katika masomo yako, akupe wenzako wasioona haya kukuambia linalowauma. Na siku mmoja wao atakapofungua kinywa akasema "langu", akujalie uwe umeshainuka kabla hajamaliza.