Pembe ya Godoro

Fundi wa magodoro wa mtaani kwetu alikuwa na mikono mikubwa kama makasia, lakini sufi aliichambua kwa ncha za vidole, kama anayemwamsha mtoto mchanga. Aliianika juani, akatoa mbegu moja moja, na kichwa chake kilikuwa cheupe kwa sufi miaka mingi kabla hakijawa cheupe kwa uzee. Hata kuongea aliongea kwa kunong'ona, asije akaipeperusha. Ndiye niliyempa kazi ya kujaza godoro la dada yangu mwenye pumu, nikajigamba nyumba nzima kwamba fundi nimemchagua mimi.

Kesho yake baada ya kulileta, asubuhi, akabisha hodi, sindano yake ndefu mkononi. "Mama, nimekuja kulifumua. Pembe moja nilitia sufi yenye ukungu. Nilidhani imekauka."

"Mgonjwa kalala vizuri," nikasema. "Hayo nani angejua?"

Dada akakohoa chumbani.

"Mimi nimeshajua," akanong'ona. "Sikulala."

Akalitoa godoro barazani, akapiga magoti, akafumua. Sufi ikapanda polepole kwenye mwanga, ikazunguka, ikatua mabegani mwake, na dada akaitazama kupitia kioo cha dirisha kama anayeota. Nami nikahisi naota.

"Pembe hii nilisema ikae kichwani," akasema bila kuinua uso. "Mbona mmeigeuzia miguuni?"

Ile harufu ya ukungu niliisikia tangu jana, alipotoka tu mlangoni kwenda zake. Akanisogezea sindano ya pili na uzi.