Mlango Uliobana Kila Mvua

Baba aliijenga nyumba yetu, nje kidogo ya mji wa Bariadi, wakati wa kiangazi, na kiangazi kinadanganya. Udongo mweusi wa mbuga ulikuwa umekauka ukawa mgumu kama sakafu. Ya nini kuhangaika kuchimba msingi? Akapanga mawe machache, akainua kuta za matofali ya kuchoma kwa mikono yake. Mvua zilipoanza udongo ukavimba, kuta zikapasuka, mlango ukabana kwenye fremu.

Tangu hapo, kila msimu wa mvua, mama akirudi kutoka kwenye pamba alisimama nje na kuita, "Mzee wee! Njoo unifungulie!" Baba alitoka zizini bila haraka, akautia mlango bega, wakaingia wote wawili. Mimi niliona aibu mbele ya wageni. Baba wala! Ila ukitaja nyufa, alinuna mpaka jioni.

Mwaka jana sisi watoto tukawajengea nyingine kando yake, kwenye mbuga ileile, maana baba hakukubali kuwaacha ng'ombe wake. Safari hii fundi aliutoa udongo mweusi wote mpaka akafika pagumu, akajaza changarawe ya moramu na kuishindilia, akamwaga mkanda wa zege na nondo chini ya kuta, na mkanda mwingine, lenta, juu ya madirisha. Baba alikaa kwenye kigoda akilitazama shimo.

"Mnamzika ng'ombe gani humo?" aliuliza.

Nyumba ikaisha, mama akagoma kuhamisha hata sufuria. Nyumba nzuri ya kiangazi alishawahi kupewa, alisema. Atahamia akiuona mlango unafunguka kwenye mvua. Nilikasirika, kwa sababu alikuwa na haki.

Mvua zikaja, zikanyesha kweli kweli. Zilipopumzika kidogo mama alivuka matope, nami nyuma yake, roho mkononi. Akausukuma mlango kwa kidole. Ukafunguka. Akaufunga, akaufungua, akacheka peke yake. Nilifurahi mno, nikajua sasa anakwenda kuleta godoro.

Lakini aliufunga tena, akarudi nyuma kidogo, akageukia zizini.

"Mzee wee! Njoo unifungulie!"

Baba akaja na matope yake miguuni, bila haraka, bega likiwa tayari. Nikampisha.