Walinzi Niliowaandika Wezi

Siku yangu ya kwanza kazini, mara tu baada ya uhuru, msimamizi wa maabara katika hospitali moja ya Kakamega alinikalisha mbele ya darubini. "Kijana," akasema, "choo kikija na damu, tafuta amiba." Niliwatafuta vijidudu hao wa kuhara damu, na niliwapata. Nilikuwa na jicho, sioni haya kulisifu.

Mwaka wa tatu akalazwa Mwalimu Felista wa Khayega, aliyekuwa akiharisha damu miezi mingi. Mara tatu niliandika "amiba", mara tatu akadungwa sindano zake, dawa kali inayochosha moyo. Akazidi kukonda.

"Mimi nadungwanga tu," aliniambia, "na damu haikomi. Hao wadudu wako hawafangi, ndugu yangu?"

Swali hilo lilinichoma. Sampuli za choo zilikuwa zikinifikia zimepoa, na amiba aliyepoa hatembei. Kesho yake nikaibeba darubini hadi wodini, nikapima choo kingali na joto. Amiba hai angetambaa, lakini hapakuwa na kilichotambaa. Nikatia rangi, nikatazama tena kiini cha kila chembe niliyokuwa nikiiita amiba. Zilikuwa chembe nyeupe za damu, zile zinazoulinda mwili. Mwizi hakuwepo. Mimi ndiye niliyewaandika walinzi kuwa wezi.

Nikaenda kwa Daktari Mkuu. "Daktari, ripoti zangu tatu zina makosa."

Akavua miwani. "Basi ni kinga yake mwenyewe inayouchoma utumbo, inapigana na adui asiyekuwepo. Ipo dawa ya kuituliza. Lakini tukiituliza na amiba yumo, utumbo utatoboka, atakufa. Unasemaje?"

"Nipe siku tatu."

Siku tatu sikuondoka wodini ila kulala, nikipima kila choo kingali na joto. Nikaandika "Hakuna amiba", nikatia sahihi kwa mkono uliotulia.

Mwalimu akapewa vidonge vya kuituliza kinga. Wiki ya pili damu ilikoma, akaomba obusuma, ugali wa kwetu. Nilitoka nje nikalia kama mtoto. Ugonjwa wenyewe haukuisha. Ulirudi, ukatulizwa, ukarudi tena. Lakini aliendelea kufundisha.

Nimestaafu sasa, niko Shirere. Nyinyi vijana mna mashine zinazotoa majibu upesi. Zitumieni, lakini jibu lisipomponya mgonjwa, lipimeni upya. Kukosea si aibu kama kukaa na kosa.

Siku ya kuniaga, Mwalimu Felista alikuja na ingokho mnene kwapani. Akanikabidhi mbele ya wote.

"Huyu ni kuku, ndugu yangu," akasema. "Usije ukaandika amiba."